Nilifika Saa Nne na Dakika Tisa

Maneno niliyoyasema mbele ya wakimbiaji wenzangu kwenye mkutano wa mwaka wa klabu yetu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu kikohozi na marudio.

Mheshimiwa Mwenyekiti, makocha wetu, ndugu wakimbiaji, na ninyi waume na wake za wakimbiaji mliokuja leo kwa sababu mlikosa pa kukimbilia: hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumze, nilimuuliza kwa nini asimwite mmoja wa wale waliotimiza malengo yao mwaka huu. Akanijibu, "Hao tumeshawasikia. Wote husema walifanya mazoezi, wakalala mapema, wakamaliza." Basi leo mmeletewa mtu aliyefanya mazoezi, akalala mapema, akamaliza, na bado akashindwa.

Neno hilo nimelitamka makusudi. Nilishindwa. Namwona dada mmoja pale mstari wa mbele ameanza kutikisa kichwa, anataka kuniambia kwamba mtu aliyemaliza marathoni hajashindwa. Dada, nivumilie kidogo, nitakufikia.

Lengo langu lilikuwa kumaliza marathoni chini ya saa nne. Jioni moja nikamwambia mama, "Mama, safari hii nataka kumaliza kabla ya saa nne." Akauliza, "Mbio zinaanza saa ngapi?" Nikamjibu, saa kumi na mbili asubuhi. Akasema, "Basi sisi tutafika saa tatu na nusu, tupate pa kusimama." Nilifungua mdomo kumsahihisha, nimweleze kwamba saa nne ninazozisema ni muda wa kukimbia, si saa nne ya asubuhi. Nikapiga hesabu kichwani, nikafunga mdomo. Kutoka saa kumi na mbili mpaka saa nne ni saa nne. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimenibana. Lengo langu lilikuwa limeandikwa kwenye kila saa ya ukutani, na mama yangu huvaa saa mkononi.

Nilivuka mstari wa kumalizia saa nne na dakika tisa. Chipu yangu, kile kifaa kidogo kinachoanza kuhesabu muda wako unapovuka mstari wa kuanzia, ilisema saa 4, dakika 7 na sekunde 38, maana bastola ilipolia nilikuwa nyuma kabisa ya umati, na ilinichukua karibu dakika mbili kuufikia mstari wa kuanzia. Mama hana habari na chipu. Alinikumbatia, jasho na yote, kisha akatazama saa yake. Hakusema kitu. Angesema ningepata nafuu.

Sasa niwaambie nilivyoishi wiki mbili zilizofuata. Kazini nilisema lilikuwa joto. Kwa jirani nilisema lilikuwa goti. Kwenye simu, kwa rafiki niliyesoma naye, nilisema lilikuwa tumbo. Wala sikudanganya hata mara moja: joto lilikuwepo, goti liliuma, tumbo lilinguruma. Tatizo ni kwamba watu wale watatu wanafahamiana, na siku walipolinganisha habari walidhani nimekimbia mbio tatu.

Tulitazame hilo joto, maana ndilo kisingizio kinachoheshimika kuliko vyote. Ni jambo la kweli. Mwili ukipata joto, damu inagawanywa: misuli inaitaka ikimbie, ngozi inaitaka ijipoze, na moyo ni ule ule mmoja. Marathoni za kasi kubwa kwa kawaida hukimbiwa kwenye nyuzi joto kumi hivi, si ishirini na nne. Lakini nyuzi zile ishirini na nne nilizisoma kwenye utabiri wa hali ya hewa jioni ya kuamkia mbio. Nilizijua. Mkimbiaji mwenye akili timamu angeongeza dakika nne au tano kwenye lengo lake kabla ya kuzima taa. Mimi niliongeza kofia.

Wiki ya tatu ndipo nilipofungua ukurasa wa matokeo. Mnajua kwamba kila kilomita tano barabarani kuna mkeka unaosoma chipu. Ule mkeka haukupendi wala haukuchukii. Haukuoni hata unavyokunja uso. Unaandika tu ulipita saa ngapi, basi. Nikakaa na namba zile usiku mmoja, na ninawaambia kwamba usiku ule ulinichosha kuliko mbio zenyewe.

Ili umalize kilomita 42 na mita 195 kwa saa nne kamili, unatakiwa ukimbie kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41. Hiyo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu mkononi mwangu. Kwa hesabu hiyo, kilomita 10 zilipaswa kuisha kwa dakika 56 na sekunde 53. Mimi nilizimaliza kwa dakika 54 na sekunde 35. Hiyo ni kama sekunde 14 mbele ya mpango kwa kila kilomita, na nilikuwa najipongeza kwa sauti. Nilijiambia naweka akiba.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya marathoni inaoza, ndugu zangu, na huanza kunuka kwenye kilomita ya 30.

Nyuma yangu alikuwepo mwongoza kasi wa saa nne, yaani mkimbiaji aliyepangwa amalize kwa saa nne ili wengine wamfuate, kijana mwenye kibendera mgongoni, na kundi lake limemzunguka kama watoto wa darasa la kwanza wanaovushwa barabara. Niliwatazama nikawaonea huruma. Nikasema moyoni, hawa wanajichelewesha. Nusu ya njia niliipita kwa saa 1, dakika 56 na sekunde 15, yaani mbele yao kwa dakika tatu na robo tatu. Kilomita ya 30 nikaipita kwa saa 2, dakika 47 na sekunde 30, bado niko mbele kwa dakika tatu. Ungenikamata pale ukaniuliza mambo vipi, ningekujibu ni mazuri mno. Kabla kidogo ya kilomita ya 35 nikasikia nyayo nyingi na sauti za watu wanapiga soga. Wakanipita. Kijana wa kibendera akaniambia, "Twende, mkubwa." Kutangulia si kufika; methali hiyo nimeifundisha watoto wangu, na siku ile nilifundishwa mimi.

Kilomita 12 za mwisho, pamoja na zile mita 195, zilinichukua saa 1, dakika 20 na sekunde 8. Kwa mpango zilikuwa zichukue saa 1, dakika 9 na sekunde 22. Akiba ya dakika tatu ikaliwa yote, na juu yake nikadaiwa nyingine saba na nusu.

Wapo hapa vijana wanaojiandaa kwa marathoni yao ya kwanza, kwa hiyo nitaeleza kidogo kwa nini inakuwa hivyo. Wazee wangu wa klabu mnaweza kunyoosha miguu.

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na kwenye ini, kwa jina la glikojeni. Ghala hilo si kubwa. Kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 500, zenye nishati ya kilokalori 2,000 hivi. Kukimbia, kwa kukadiria, kunakula kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Mimi nina kilo 74. Zidisha kwa kilomita 42, utapata zaidi ya 3,100. Ghala halitoshi, na halikuundwa litoshe. Upungufu unajazwa na mafuta ya mwili, ambayo hata mkimbiaji mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana. Lakini mafuta huungua polepole, na yanahitaji oksijeni nyingi zaidi kwa nishati ile ile. Kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo mwili unavyoyaacha mafuta na kuchota ghalani. Kwa hiyo zile sekunde 14 za kila kilomita, nilipokuwa najiona naweka akiba, nilikuwa natoa. Nilichota ghalani alfajiri, tumbo likiwa limetulia na miguu ikiwa mipya, kitu ambacho ningekihitaji saa tatu baadaye. Ghala likikauka, miguu haisimami ghafla kama gari lililoishiwa mafuta. Inakuwa ya mtu mwingine. Unaiagiza, inakusikia, inachelewa kuitika.

Dawa yake inajulikana: anza taratibu, na kula njiani. Nilikuwa na jeli sita mfukoni, zile pakiti ndogo za wanga wa kumeza mbioni, nikapanga moja kila baada ya dakika 35. Nilikula tatu. Ya pili niliichelewesha kwa sababu nilijisikia vizuri, na hakuna sababu mbaya ya kuchelewesha chakula kuliko hiyo. Kufikia kilomita ya 32 tumbo lilikuwa halitaki tena kupokea kitu. Kwa hiyo lile tumbo nililomlalamikia rafiki yangu kwenye simu, mwenye kosa ni mimi.

Na hapo tunazungumzia siku ya mbio tu. Nikirudi nyuma zaidi, lengo lenyewe nililipata wapi? Wiki sita kabla nilikimbia nusu marathoni kwa saa 1, dakika 53 na sekunde 10. Nikaingiza muda huo kwenye kile kikokotoo ambacho wengi wetu tunacho kwenye simu, kinachotumia fomula ya mhandisi wa Kimarekani, Peter Riegel, aliyoitoa miaka ya 1970. Kinachukua muda wako wa nusu na kuuzidisha kwa mbili na kidogo, na hicho kidogo ndicho gharama ya uchovu. Kikanipa saa 3 na dakika 56. Nikaona saa nne ni lengo la mnyenyekevu kabisa, tena na chenji inabaki. Ila fomula haijui umejiandaa vipi. Inadhani umefanya mazoezi ya marathoni kwa ukamilifu ule ule uliofanyia nusu. Mimi nilikuwa nakimbia wastani wa kilomita 38 kwa wiki, na mbio yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 29, mara moja tu, na kipande cha mwisho nililazimika kutembea. Kikokotoo hakikuniuliza hayo. Mimi pia sikujiuliza.

Kuna jambo moja dogo la saa za mkononi nalisema haraka, maana nimeona limewaumiza wengi. Saa yangu ilisema nimekimbia kilomita 42.71. Njia haikuwa ndefu kupita kiasi. Njia za marathoni hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu cha kupimia, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote unaowezekana, sentimita 30 tu kutoka kwenye ukingo wa kona, na wapimaji huongeza mita moja kwa kila elfu ili isije ikatokea fupi. Wewe na mimi tunapita kona kwa nje, tunayumba kwenda kwenye maji, tunawazunguka watu. Halafu saa yenyewe inakosea kidogo. Ukifuata dakika 5 na sekunde 41 za saa yako kwa kilomita 42.71, utamaliza kwa saa 4 na karibu dakika tatu, na saa itakuapia kwamba ulifanya kila kitu sawasawa. Fuateni vibao vya barabarani. Mwisho wa jambo hilo.

Sasa niende kwenye kilomita ya 37. Hayo yote niliyoyasema mpaka hapa ni hesabu, na hesabu haimtoi mtu machozi. Kilichonifanya nikubali kusimama hapa leo ni kilomita ya 37.

Nilipofika kwenye kibao chake nilitazama saa, nikajua. Hakukuwa na njia tena. Ningetakiwa nikimbie kilomita tano zilizobaki kwa kasi ambayo sikuwa nayo hata nikiwa mzima. Saa nne ilikuwa imekufa. Na mimi nikaanza kutembea.

Nataka mnielewe vizuri. Sikuanguka. Msuli haukunishika. Shavu la mguu lilikuwa linarukaruka kidogo, ndiyo, lakini lilikuwa limeanza hivyo tangu kilomita ya 33 na nilikuwa nakimbia nalo. Nilitembea kwa sababu sikuona tena cha kukimbilia. Saa nne au hakuna. Ndivyo nilivyokuwa nimejiwekea miezi minne yote. Saa nne ilipoondoka, ilibaki hiyo hakuna.

Nilitembea mita 400 hivi. Watu pembeni wakanipigia makofi kwa huruma, yale makofi ya taratibu mnayoyajua. Kisha kwa aibu zaidi kuliko kwa ushujaa nikaanza tena kukimbia. Na hapa ndipo namba ziliponichoma. Saa yangu huandika kila kilomita kivyake, na ile iliyofuata baada ya kutembea niliikimbia kwa dakika 6 na sekunde 12. Mtu aliyekwisha hakimbii dakika 6 na sekunde 12. Ghala lilikuwa chini lakini halikuwa tupu. Kwenye kilomita ya 41 nikatembea tena, kituoni, nikanywa vikombe viwili vya maji ambavyo sikuwa navihitaji, nikapiga soga na aliyenipa. Ningeweza kumaliza kwa saa 4 na dakika nne. Labda tatu. Zile dakika nyingine hazikuchukuliwa na joto, wala goti, wala glikojeni. Nilizitupa mwenyewe kwa sababu hazikuwa na jina.

Kuna wachumi walikusanya nyakati za kumalizia marathoni, karibu milioni kumi, wakazichora kwenye grafu. Ungetegemea kilima kimoja laini. Walikuta kilima chenye meno. Kabla tu ya saa tatu, kabla tu ya saa tatu na nusu, kabla tu ya saa nne, watu wamerundikana. Na mara baada ya hapo panakuwa na bonde. Mwili haujui saa nne ni kitu gani. Moyo haupigi tofauti saa 3 na dakika 59 na saa 4 na dakika 1. Namba hiyo ni ya saa ya ukutani tu, na bado inawafanya maelfu ya watu wakaze miguu kilomita mbili za mwisho kwa nguvu ambazo hawakujua wanazo. Nilipoiona grafu ile sikuwatazama waliorundikana. Nilitazama kule kushoto na kulia kwa bonde, nikajitafuta, nikajikuta niko kwenye mteremko wa upande wa pili, pamoja na wengine wengi waliokuwa wakitembea na miguu yao mizima.

Dada wa mstari wa mbele, nimekufikia.

Najua ulitaka kuniambia nini. "Muhimu ni kumaliza." Nimeambiwa hivyo na watu wasiopungua thelathini, wote wananipenda, na kila mmoja aliniziba mdomo kwa upole. Tunayo methali, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaitumia kumnyamazisha anayelalamika, kana kwamba maana yake ni "kubali yaishe." Lakini isikilizeni tena. Inasema ili uwe mshindani ni lazima ukubali kwamba ulishindwa. Kama kumaliza tu kunatosha, basi mimi sikushindana na chochote, nilikuwa matembezini. Nilikuwa na lengo. Lengo lilikuwa zuri. Sikulifikia. Niachieni hilo, ni mali yangu, nimelilipia kwa miezi minne ya kuamka usiku.

Kosa langu, ndugu zangu, ni kwamba nililikubali mahali pasipostahili. Barabarani, kwenye kilomita ya 37, ambapo bado palikuwa na kitu cha kupigania, nikakubali haraka kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa. Halafu nilipofika, ambapo ndipo pa kukubali, nikakataa, nikaanza kugawa visingizio mtaani, joto kwa huyu, goti kwa yule.

Watu wakitaka kunituliza hunitajia John Stephen Akhwari. Nami nampenda, nani asiyempenda? Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtanzania huyu akaanguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule kote kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Hapo ndipo wasimuliaji hukomea. Sisi tunaokimbia tuendelee ukurasa mmoja mbele. Mwaka 1970, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Wa tano! Yule hakuwa mtu wa kwenda Olimpiki kwa ajili ya kumaliza tu. Alikwenda kushindana, akaanguka, akamaliza kwa sababu ndilo lililobaki la kufanya, na miaka miwili baadaye alikuwa mbele tena na wakali wa dunia. Mkimtumia Akhwari kuniambia kwamba muda si kitu, nadhani mnamkosea. Alikuwa na bandeji na goti lililoteguka, na kwenye kilomita ya 37 hakusimama kupiga soga na wagawa maji.

Au tazameni Monza, Italia, Mei 2017. Mkenya Eliud Kipchoge alitaka kukimbia marathoni chini ya saa mbili, kwenye barabara ya magari ya mashindano, na kila kitu kimepangwa kwa ajili hiyo. Alimaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Gawanya sekunde hizo kwa kilomita 42: ni kama sekunde 0.6 kwa kilomita. Hakuna aliyesema saa mbili haikuwa lengo. Ilibaki pale pale, na sasa ilikuwa na kipimo cha umbali uliobaki. Oktoba 2019, Vienna, akakimbia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zote mbili hazikuingia kwenye rekodi rasmi, lakini hilo halinihusu hapa. Mimi pengo langu ni sekunde 11 kwa kilomita. Nimelipima. Na mtagundua kwamba ni dogo kuliko zile sekunde 14 nilizokuwa nazichezea alfajiri huku nikimwonea huruma kijana wa kibendera.

Nitakimbia tena baada ya miezi mitano. Kilomita kwa wiki nimezipandisha mpaka 52, polepole, kocha akinishika shati. Jeli nimeanza kuzila kwenye mazoezi, hata pale ninapojisikia vizuri, hasa pale ninapojisikia vizuri. Na mkononi safari hii nitaandika namba tatu. Ya kwanza ni 3:59:59, ile ile, sijaipunguza hata sekunde. Ya pili ni 4:03. Ya tatu ni 4:07:37, sekunde moja pungufu ya aibu yangu. Nikifiwa na ya kwanza kwenye kilomita ya 37, sitabaki mikono mitupu.

Mama ameshauliza zinaanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi saa tatu na nusu." Sikumsahihisha.

Kabla sijakaa, kocha ameniagiza nitangaze. Kesho tunakutana pale pale pa siku zote, saa kumi na moja na robo alfajiri. Kilomita 26, dakika 6 na nusu kwa kila kilomita, si chini ya hapo. Kibendera nimeazima na nitakivaa mimi. Atakayenipita kabla ya kilomita ya 20 nitamwita kwa jina.